Dobi na Paneli za Nyuso Mbili

Kabla hajaitikia salamu yako, dobi yule alikuwa ameshaisoma kola yako. Macho yake hayakuanzia usoni kama macho ya watu wengine. Yalianzia shingoni, yakafuata mshono, yakachungulia ule mstari wa jasho ambao kila mtu anadhani hakuna mwingine aliyeuona, ndipo yakapanda polepole mpaka machoni. "Karibu," alisema, na kufikia hapo alikwisha jua kama una haraka, kama una mtu wa kukuangalia nyumbani, na kama shati ni lako au la kuazima. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kola. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti, likikunjwa na kukunjuliwa mara moja moja.

Zunguka dunia uwezavyo, utamkuta dobi kila mahali, na kila mahali utamkuta anatazama mawingu. Huyu naye aliyatazama kutoka kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, ambao ndio ulikuwa ofisi yake. Nguzo za chuma alizipaka rangi nyeupe ili kutu isishike nguo. Kamba alizivuta zikanyooka kama mistari ya daftari. Ndoo zilijipanga ukutani kila moja na kazi yake: ya sabuni, ya kusuuzia, ya bluu, ya wanga. Ole wake atakayechotea maji ya kunywa kwenye ile ya bluu.

Dirisha lililotazama uwanja huo lilikuwa la mkewe, mshonaji, na cherehani yake ilikaa pale pale kwenye mwanga. Kazi zao zilipokezana. Shati likifika kwa Kola na kola iliyosagika mpaka nyuzi zinaonekana, alilisukuma dirishani bila neno. Mkewe aliifumua ile kola, akaigeuza, akaishona tena, ule upande uliokuwa umefichwa miaka yote ukatoka mbele ukiwa mpya. Mwenye shati akirudi alidhani amebadilishiwa. "Shati halizeeki," mama huyo alipenda kusema, "mpaka liliwe pande zote mbili."

Kola naye alikuwa na kugeuza kwake. Kila nguo iliyopita mikononi mwake ilianikwa ndani nje, kwa sababu jua ni rafiki wa dobi na adui wa rangi. Uso mzuri ufichwe, mgongo uungue. Alilifanya jambo hilo miaka mingi hadi mikono ikawa haimwulizi tena: geuza, kung'uta, tandaza, bana. Aligeuza kofia yake mwenyewe. Aligeuza mkoba wa sokoni. Siku moja aligeuza mwavuli wa mteja, ukavunjika mbavu.

"Nikichelewa kuamka," mkewe aliwaambia wateja, "huyu atanigeuza ndani nje na kunibana kwenye kamba."

Mambo ya paneli yalianza siku alipokuja Mama Wageni. Hilo nalo halikuwa jina lake, ila alikuwa ndiye mwenye nyumba mpya ya wageni pale kwenye kona, ile yenye ghorofa mbili na mapazia marefu. Alikuja na shuka moja tu, jeupe, akaomba lifuliwe na kupigwa pasi kama mtihani. Kesho yake akalifungua mbele ya Kola, akalinyoosha hewani, akaweka kidole mahali.

"Hii nini?"

Kilikuwa kidoa kidogo cheusi, kama nzi aliyetua akasahau kuondoka. Kola hakuhitaji kusogea karibu. Aliwajua nzi hao. Walitoka kwenye pasi yake ya mkaa, mzee wa chuma mwenye mdomo mpana, ambaye hata umpulizie vipi hakosi kutema chembe moja ya masizi.

"Mgeni wangu akilala hapa," alisema Mama Wageni, "asubuhi ataniuliza kama nilimpa kitanda au nilimpa jiko. Kola, kufua unajua. Sijaona weupe kama huu. Lakini nataka shuka lisilo na nzi. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja mwenyewe kuangalia. Ukiweza, mashuka ya nyumba nzima ni yako. Usipoweza, nitayapeleka kule ng'ambo ya mji."

Ng'ambo ya mji kulikuwa na kiwanda cha kufulia, ambako nguo zilikaushwa ndani ya pipa la chuma na hakuna aliyejua kama nje kuna wingu au jua. Kiwanda hicho kilikwisha mwita Kola mara mbili akaajiriwe. Mara mbili alikataa. Lakini mashati meupe yalikuwa yanapungua duniani, watu walivaa vitambaa visivyotaka pasi, na uwanja wake siku nyingine ulikuwa na kamba tupu zinazocheza na upepo. Mashuka ya Mama Wageni yakimkosa, atakwenda kulitumikia lile pipa. Alilijua hilo, na mkewe alilijua, ingawa hakuna aliyelitamka.

Pasi ya umeme walikuwa nayo, imelala kabatini, nyeupe kama yai. Umeme wa waya mtaani kwao ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, kwa hiyo nyumba ilitegemea sola: paneli chache juu ya paa, betri chumbani, na inveta ukutani. Zilitosha taa, friji, mashine ya kufulia na cherehani. Ukichomeka pasi, inveta ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha nyumba nzima ikazima.

"Tuongeze paneli," alisema mkewe usiku huo. Akiba yao, alijua, ilitosha kuchagua mara moja tu. Wakikosea, basi.

Kesho yake wakamwita Fyuzi.

Fyuzi alikuwa fundi wa umeme, mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya mifuko mingi na hasira za karibu, ndiyo asili ya jina. Yeye ndiye aliyefunga sola yao ya kwanza. Alipanda juu ya paa, akashuka, akazunguka uwanja akipima kwa hatua, akasimama mikono kiunoni katikati ya kamba.

"Inveta yenu ni punda mzuri, mzigo wa pasi anaubeba," alisema. "Tatizo hamumlishi. Paneli hazitoshi, na juu ya paa hakuna nafasi. Huku tangi, huku kivuli cha ghorofa ya jirani. Kwa hiyo tunaezeka uwanja. Paneli za kawaida, tunazilaza juu hapa kama paa la banda. Umeme mpaka uusaze."

"Na chini yake?" aliuliza Kola.

"Chini yake kivuli. Utapumzika, mzee."

"Fundi, mimi siuzi kivuli."

Hapo ndipo shida ilipojionyesha yote, wazi kama doa kwenye kanzu. Jua lilikuwa moja, na walioligombea walikuwa wawili. Mashuka yalilitaka yakauke. Paneli zililitaka ziwashe pasi. Mafahali hao wawili zizi lao lilikuwa uwanja uleule.

"Mchagua jembe si mkulima," ilisema sauti kutoka pembeni.

Ilikuwa ya dada yake mkubwa Kola, mwenye vyumba vya upande wa kulia wa nyumba hiyo ambayo wazazi wao waliwaachia pamoja. Uwanja nao ulikuwa wao wote wawili. Dada alimwachia mdogo wake autumie kwa kamba, lakini ukingoni, pale palipopakana na uwanja wa jirani, aliweka kigoda chake, na kila jioni alikaa hapo akizungumza na shoga yake wa upande wa pili mpaka sauti zikauke.

"Ziko nyingine," alisema Fyuzi, bila kumjali. "Mimi sipendi kumsukumia mtu kitu, lakini ziko. Za nyuso mbili. Kioo mbele, kioo nyuma. Zinakula jua huku na huku. Hizo hatuzilazi, tunazisimamisha wima kama ukuta, uso mmoja matlai, uso mwingine magharibi, katikati ya kamba zako."

Lugha za dunia zimekubaliana kuhusu mambo machache sana, lakini zote zinamwogopa mwenye nyuso mbili. Dada alicheka mpaka kigoda kikalia.

"Nyuso mbili? Katika nyumba hii ndumilakuwili tunaye mmoja, anatosha." Akatupa jicho dirishani kwa wifi yake.

Mke wa Kola hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Wifi, mimi uso nina mmoja tu. Ila kila nikikutazama unabadilika wenyewe."

"Umesikia hilo, mdogo wangu? Umesikia?"

"Nimesikia cherehani tu," alisema Kola, maana miaka ya kuishi katikati ya dada na mke ilimfundisha mengi. Lakini moyo wake ulikuwa umeshatoka pale. Paneli zinazosimama! Alizitazama nguzo zake nyeupe, akajaribu kuuona ukuta wa kioo kati ya mstari na mstari. Wazo lilimwasha kama wanga wa moto vidoleni. Halafu akarudi nyuma. Mgongo kazi yake kubeba. Mgongo uone jua? Wauzaji wa siku hizi wangeweza kukuuzia hata ndoo yenye matako mawili.

Fyuzi aliiona ile sura. "Nisikuchoshe kwa maneno, mzee Kola. Kesho asubuhi nakuletea mbili, moja ya kawaida, moja ya nyuso mbili, ukubwa sawa. Kila moja na mita yake. Namba ikipanda, umeme umepanda. Utasoma mwenyewe, kama unavyosoma shingo za watu."

Kola hakulala vizuri, na hakuona ubaya wake. Alfajiri alikuwa ameshafua mashuka yote ya nyumbani, hata yaliyokuwa safi, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure. Fyuzi alifika na pikipiki ya mizigo, wakashusha zile paneli mbili, nyeusi, zinang'aa, zikionyesha nyumba na mbingu ndani yake. Aliunganisha nyaya, akaweka vile visanduku viwili vya mita juu ya ndoo zilizofudikizwa. Simu ikalia. Mteja mwingine, moshi umetoka ukutani.

"Narudi sasa hivi," alisema, ameshapanda pikipiki. "Zisimamishe kwenye nguzo hizo. Zilitazame jua!"

Kola akabaki na zile paneli. Alizifuta kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kwa kikavu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto kabla ya kumpeleka kwa bibi yake. Ya kwanza ilikuwa nyeusi mbele na nyeupe butu mgongoni. Ya pili ilikuwa kioo pande zote. Akazibeba moja moja, akazisimamisha kwenye nguzo, akazifunga kwa kamba. Baada ya hapo akaanika mashuka kwenye mstari wa mbele yake, kwa upande wa magharibi, yakajaa upepo.

Jua likapanda juu ya paa la jirani. Kola akainama kusoma.

Mita ya paneli ya kawaida ilikuwa inasinzia. Namba ndogo ya kukatisha tamaa, inapanda moja, inashuka moja. Akahamia ya pili, na macho yakamtoka. Namba zilikuwa zinakimbia kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

"Mama watoto! Njoo! Dada, njoo na wewe!"

Mkewe alitoka na sindano midomoni. Dada alitoka na mswaki. Wakainama wote watatu juu ya ndoo.

"Hii nyingine mbovu," alisema Dada, akiigonga mita ya kawaida kwa ukucha.

"Si mbovu, imezidiwa!" Kola alikuwa anazunguka ndoo kama kuku anayetaka kutaga. "Mmeona? Nilisema mimi! Nyuso mbili!"

"Ulisema lini?" aliuliza mkewe.

"Moyoni!"

Walikuwa bado wanashangilia Fyuzi aliporudi, na harufu ya waya ulioungua ikimfuata. Alifika getini, akasimama. Aliitazama paneli ya kwanza, akaitazama ya pili, akalitazama jua, kisha akamtazama Kola.

"Nani amelipa jua kisogo?"

Shuka moja likapiga kofi hewani.

"Nawauliza. Nilisema zilitazame jua. Mbona zimeligeuzia mgongo zote mbili?"

Aliyeelewa wa kwanza alikuwa mkewe. Alizitoa sindano midomoni kwa uangalifu, akazichomeka kwenye khanga begani, ndipo akaanza kucheka, kicheko cha kushika ukuta. "Kazigeuza! Wifi, kazigeuza ndani nje! Baba watoto, uliogopa zisichuje rangi?"

Kola aliitazama mikono yake kama watu wawili waliomsaliti. Geuza, kung'uta, tandaza, bana. Uso mzuri ufichwe, mgongo uungue. Hakukumbuka hata kidogo kufanya hivyo. Dada alikuwa amekaa chini, mswaki umeanguka, machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa amemshika wifi yake mkono.

Fyuzi hakucheka. Aliifungua paneli ya kawaida, akaigeuza, akaifunga. Namba ikaruka juu. Ikaendelea kupanda, ikaipita kabisa ile ya nyuso mbili.

"Haya. Mbovu iko wapi?"

"Kumbe nzima," alisema Dada, akijifuta macho. "Basi chukua hiyo, mdogo wangu, tumalize. Ezekeni uwanja, nami nipate kivuli."

Furaha yote ikamtoka Kola kama maji yaliyomwagwa ndooni. Alijiona ameshasimama mbele ya lile pipa la chuma, akisubiri lipige king'ora. Fyuzi akaigeuza na ile ya nyuso mbili, namba yake nayo ikapanda, zikawa karibu sawa, hii ya nyuso mbili ikiizidi ile kidogo, na yeye akawa anasema jambo kuhusu vyuma vya kulazia. Lakini Kola alikuwa hasikii. Kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza, kama kitufe kilichosahauliwa mfukoni mwa nguo iliyo kwenye maji.

"Fundi," alisema. "Ile namba ya mwanzo. Nilipokuwa nimeikosea, ile ya nyuso mbili ilikuwa na namba kubwa. Ilitoka wapi?"

Tabasamu likaanza kumtoka Fyuzi upande mmoja. "Mgongoni."

"Mgongo peke yake?"

"Mgongo kazi kubwa. Na kidogo usoni, kilichorudishwa na mashuka yako."

"Mashuka?"

"Mzee, kitu cheupe hakimezi mwanga, kinautema. Wewe umezungukwa na vitu vyeupe kuliko daktari. Mimi kwa wateja wengine nawaambia wapake ardhi chokaa. Wewe chokaa yako unaianika kila siku."

Dada hakuamini. Huyo ndiye mtu ambaye hakuwahi kukubali hata uzito wa nyama bila kuishika. Alikwenda, akayasogeza mashuka mawili akayaanika karibu kabisa na mgongo wa ile paneli ya nyuso mbili, akarudi kuinama juu ya mita. Namba ilikuwa imepanda. Akayaanua. Ikashuka. Akayaanika tena. Ikapanda. Akaingia ndani, akatoka na blanketi lake la rangi ya kahawa, akalitundika mahali pa mashuka. Ikashuka. Akalitupa blanketi begani kwa mdogo wake.

"Haki ya nani!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Inaona! Inatuona! Lete shuka jingine!"

Wakacheza mchezo huo mpaka jua likafika utosini, watu wazima wanne wakikimbia na mashuka uwanjani. Mke wa Kola alijaribu foronya. Kola alijaribu fulana yake mwenyewe, akabaki kifua wazi, akapongezwa kwa namba mbili zaidi. Shoga wa Dada alitokeza kichwa ukingoni akauliza kama kuna harusi.

Ndipo mchana mkavu ukafika, na namba za paneli zile zilizosimama zikaanza kuteremka. Fyuzi hakuficha. "Hapa ndipo inaposinzia. Jua likiwa juu ya kichwa, ukuta haulioni vizuri. Ile ya kulaza ingekuwa inafaidi sasa hivi. Nisije nikasikia nimekudanganya."

Kola alikuwa anatazama ardhini. Chini ya paneli mbili hizo zilizosimama, kivuli kilikuwa kimekonda, chembamba kama utepe wa kushonea pindo, na pande zote mashuka yalikuwa yamejaa jua, yakikauka, yakipiga makofi.

"Fundi," alisema polepole, akiogopa wazo lisimkimbie. "Mchana mimi naanika. Asubuhi na jioni ndipo napiga pasi."

"Ndiyo."

"Asubuhi inakula kwa uso huu. Mchana inasinzia, inaniachia jua langu nikaushe. Jioni jua likihamia kule... nani ataigeuza?"

"Hakuna atakayeigeuza," alisema Fyuzi. "Imeshageuzwa kiwandani."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Aliinua ile kola aliyokuwa akiifumua, akaionyesha upande huu, akaionyesha upande wa pili. Kola akaangua kicheko mpaka akalazimika kushika nguzo.

Kikabaki kizuizi kimoja, na kizuizi hicho kilikuwa kimekaa juu ya kigoda.

"Mimi sikatai," alisema Dada. "Nimeona kwa macho yangu. Lakini ukuta huo mwisho wake utapita hapa hapa ukingoni ninapokaa. Sijafikia umri huu nije nizungumze na shoga yangu kwa simu, naye yuko hatua tatu."

Fyuzi alipima, akakuna kichwa. "Tukiacha pengo hapo, paneli moja inaondoka. Ni umeme huo, mama."

Wote wakamtazama Kola. Alikuwa na hamu na kila tone la umeme ule, aliuona ukichuruzika. Lakini alimtazama dada yake kwenye kigoda chake, akaona kola ya gauni lake, ile ambayo yeye mwenyewe aliifua na mkewe aliigeuza, na dada huyo alijua ni nani aliyeigeuza ingawa hakuwahi kushukuru.

"Acheni pengo," alisema. "Upana wa watu wawili wenye maneno mengi."

"Watatu," ilisema sauti ya wifi kutoka dirishani. "Siku nyingine na mimi nitakuja."

Dada akajifanya hakusikia. Lakini alisogeza kigoda kidogo, kama mtu anayepima.

Siku zilizofuata uwanja ulinukia saruji na chuma kilichokatwa. Fyuzi alisimamisha nguzo, akapandisha paneli moja baada ya nyingine, ukuta wa kioo ukanyooka katikati ya kamba, na katika kila paneli ulijiona mwenyewe mrefu na mweusi mbele ya mbingu. Mita moja aliiacha imefungwa kwenye nguzo. Kola alifua mashuka yaleyale kila siku, kwa mazoezi. Pasi nyeupe kama yai ilitoka kabatini. Siku ya kwanza alipoichomeka asubuhi, watu wote waliikodolea macho inveta. Haikulia mbuzi. Iliguna tu, kama mzee aliyeketi vizuri. Kola akaipitisha pasi kwenye shuka, mvuke ukapanda, shuka likalala laini nyuma yake, naye akapitisha tena mahali palepale, kwa raha tu. Ile pasi ya mkaa ilisimama dirishani, mdomo wazi, kama inashangaa.

Jumamosi Mama Wageni alikuja bila kubisha. Alikuta rundo lake limekunjwa, kona kwa kona. Alilifungua shuka la juu, akalinyoosha dhidi ya mwanga wa jioni uliokuwa unaupiga ukuta wa kioo upande wa magharibi. Akaangalia. Akapitisha kidole. Kola alisimama mikono nyuma. Mkewe aliacha kukanyaga cherehani. Hata pengoni palikuwa kimya, na kimya cha mahali pale kilikuwa ni muujiza peke yake.

Kisha Mama Wageni akaligeuza shuka.

"Mimi huangalia pande zote mbili," alisema, kwa ukali kidogo.

"Hapa umefika mahali pake," alisema Kola.

Alilitazama upande wa pili kwa muda mrefu zaidi kuliko wa kwanza. Akalikunja mwenyewe, jambo ambalo mwenye shaka halifanyi. "Gari la mashuka ya ghorofa zote mbili litakuja Jumatatu asubuhi. Usinitie aibu." Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, akarudi. "Mbona unanitazama shingoni?"

"Kola yako, mama. Imeanza kusagika hapo nyuma. Mpe mke wangu aigeuze, itakuwa mpya."

Mama Wageni akashika shingo yake, akatahayari, akacheka. Na kule pengoni Dada alishindwa kujizuia. "Shoga!" alimwita mwenzake kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, akiupigapiga ule ukuta wa kioo. "Njoo umwone ndumilakuwili wetu! Katulisha!"

Jumatatu gari lilikuja kweli, likamwaga mlima. Kola alifua tangu kungali giza, na jua lilipochomoza juu ya paa la jirani alikuwa na shuka la kwanza mikononi, zito, likidondosha maji. Vidole vyake vikaanza vyenyewe: geuza. Akavisimamisha. Akalitazama shuka upande huu na upande huu, akachagua uso uliokuwa mweupe zaidi, uso ule ambao miaka yote aliuficha, akauelekeza kwenye kioo.

Mita ikapanda.